Ndondocha wa Mama Mdogo Somoe

Nilikuwa sijamaliza kung'oka meno ya utoto, Mwingereza bado anatawala, mama mdogo Somoe alipolima shamba la kutosha kaya tatu kwa siku nne. Usiku halali. Anashuka bondeni kuteka maji mara tatu kwa siku, na sisi wa Newala tunaujua mteremko ule, mara moja tu magoti yanatetemeka. Alicheka, akaongea mbiombio mpaka mate yakamkauka, akagawa khanga zake zote. Siku zile nilimpenda kuliko mama yangu.

Majirani hawakupenda. Mwanamke mmoja hawezi, walisema, huyu ana ndondocha: watu tuliowazika, kumbe kawaficha wamlimie. Jumbe akaita mganga wa kunyoa wachawi, ili uchawi uwatoke na nywele. Na kwa kuwa nilikuwa nalala kwa mama mdogo, nikasimamishwa barazani.

"Mama yako mdogo akilima, anaongea na nani?" mganga akaniuliza.

"Na watu," nikasema.

Jamani, hapakuwa na watu. Alikuwa anajiuliza, anajijibu, na viganja vyake nilikuwa nimeviona vimechubuka vyote. Lakini baraza zima lilinikodolea macho, nikatoa jibu nililoona wanalitaka. Wanaume wanne wakamshika, wakamnyoa kavukavu, bila hata tone la yale maji aliyokuwa akiyateka. Damu ikamwingia machoni. Alinitazama tu.

Mwezi haukuisha, akaanguka kitandani. Hakula, hakuoga. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika. Kijiji kikafurahi. Hata bibi, mama yake mzazi, alisema, "Uchawi umemtoka. Mwacheni atulie."

Wakamwacha kweli. Nikakatazwa kuingia. Mtungi ulikuwa hatua mbili kutoka kitandani na hakuna aliyemchotea. Akafa kabla ya mavuno. Mtama wake tuliuvuna sisi, tukaula mpaka ukaisha, wala hakuna aliyeuogopa.

Juzijuzi mjukuu wangu alifagia uwanja wetu na wa majirani wote, alfajiri tatu mfululizo, hajalala, anacheka kicheko kile kile cha mama mdogo. Jirani akaniuliza kwa utani, hivi mtoto huyu anasaidiwa na nani?

"Yuko peke yake," nikamwambia. "Ni mgonjwa. Nampeleka hospitali."

Daktari ametupa dawa na jina la ugonjwa: hisia zinapanda mno, kisha zinashuka mno. Jina nimeshalisahau. Ninalolikumbuka ni lile jibu, yuko peke yake. Nilikuwa nalo tangu siku ile barazani.