Shavu Langu Kwenye Picha

Harufu ya spiriti hunichefua hadi leo. Asubuhi niliinusa kwa daktari wa meno, nikajikuta tena kwenye kitanda cha chuma cha hospitali ya misheni, kule kwetu kwenye mashamba ya chai, nikiwa msichana mdogo, mguu umeungua kwa uji wa wimbi.

Sista alikuwa amemaliza kunifunga. Usaha ulikuwa kwenye beseni chini ya kitanda, umefunikwa kwa gazeti, na nzi walikuwa wamejua pa kuingilia. Ndipo akaja mgeni mwenye kamera, aliyekuwa akipiga picha za wauguzi kazini. Aliziba pua kwa leso, akaitazama bendeji yangu safi na kutikisa kichwa.

"Fungua tena," akamwambia sista kwa Kiswahili cha kuungaunga. "Kidonda hakionekani."

"Nimemfunga sasa hivi, bwana. Imeshaanza kushika."

"Kidogo tu."

Sista akamtazama metroni, mkubwa wao, aliyesimama mlangoni. Metroni akaitikia kwa kichwa.

"Nyamaza, mama," sista akaninong'oneza, kisha akaivuta. Ilitoka na ngozi.

Picha ilitokea kwenye kalenda ya hospitali, nyeusi na nyeupe. Damu yangu imekuwa kivuli, usaha unang'aa kama maziwa. Mama aliitundika sebuleni, na mpaka sasa wageni huisifu wakinywa chai: tazama sista anavyompapasa mtoto shavu.

Alikuwa ananiziba mdomo.