Tatu, Tano, Mbili

Mume wangu Jackton hawezi kuona kitu kimetulia. Nikiweka vikombe mezani nikaenda kuleta mkate, nikirudi nakuta vinne viko nyuma, vitatu katikati, na bakuli la sukari limetumwa kushambulia. Kitanda chetu kimeshaegemea kila ukuta wa nyumba hii ya mtaani Mowlem, na nyumba yenyewe ni sebule na chumba kimoja. Wageni wakija huwaambia wakae upesi kabla viti havijahamishwa.

Sikumwelewa mpaka siku nilipompelekea chakula kazini, kwenye kiwanda cha magodoro huko Industrial Area. Nilimkuta mbele ya mashine ya kukata sponji, miguu pamoja, mkono juu ya kitufe. Hapo ndipo husimama kutwa nzima, na ukisogea kidogo tu msimamizi anakuuliza unaenda wapi. Nilimhurumia sana. Timu ya mpira ya mtaa, ambayo yeye ndiye kocha wake, ndiyo mahali pekee ambapo Jackton akisema songa, mtu anasonga.

Lakini hata huruma ina mwisho. Msimu huu alianza kwa kuwachezesha mfumo wa nne-nne-mbili, wiki iliyofuata nne-tatu-tatu, kisha akamtoa winga akamfanya beki, na kwenye mazoezi akamweka kipa mbele eti tuone. Timu ikafungwa mechi baada ya mechi. Muriuki, mwenyekiti wetu, fundi seremala asiyependa maneno mengi, alimwita kando mimi nikiwa papo hapo.

"Kocha, usiposhinda hii ya watu wa Kware, itabidi tutafute mtu mwingine."

Tangu hapo chakula hakikumshuka. Anakaa, anasimama, anaenda dirishani, anarudi. Nami nikakosa raha, maana nilijua timu ikiondoka atabaki na ile mashine tu.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima nilieleze. Mchezaji hapa haitwi jina alilobatizwa, huitwa nambari ya nafasi yake. Mulwa, nahodha wetu, ni beki wa kati, kwa hivyo ni Tano. Kibanda chake cha viatu kinaitwa Kwa Tano, na mkewe ni Mama Tano mpaka kanisani. Luseno, beki wa kushoto, ni Tatu. Kim wa kulia ni Mbili. Njogu, anayesimama na Mulwa pale katikati, ni Nne. Hakuna aliyefikiri kwamba majina hayo yangeleta balaa.

Jumamosi ya mechi vijana wa Kware walitufunga mapema. Kipindi cha pili kikaanza, hatuoni hata dalili ya goli. Jackton alikuwa akitembea ukingoni mwa uwanja mpaka vumbi likamfika magotini. Mara nyingi huwa anamtuma mtu amnong'oneze nahodha mfumo mpya. Siku hiyo uvumilivu ulimwishia. Aliweka viganja mdomoni akapiga kelele.

"Tatu! Tano! Mbili! Sasa hivi!"

Luseno alimtazama Mulwa. Mulwa alimtazama Kim. Kisha wote watatu wakatoka mbio kwenda mbele, na Njogu akabaki nyuma peke yake, kipa akimlilia asiende popote.

Jackton alinishika mkono. "Mama Willis," akasema kwa sauti ya chini, "hawa wanaenda wapi?"

Hakuna aliyesikia ila mimi. Watu wa Kware nao hawakujua wamkabe nani. Luseno akapata nafasi kule kushoto, akainua krosi, na Mulwa, ambaye tangu tuhamie mtaa huu sijamwona akivuka katikati ya uwanja, akaipiga kichwa ikaingia. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja. Uwanja mzima ukawa unamwimba Jackton na ujanja wake. Yeye alitabasamu vibaya, kama mtu aliyevaa kiatu kisichomtosha.

Lakini sare si ushindi. Siku iliyofuata, baada ya ibada, kikao kiliitwa katika darasa la chekechea, tukakalia vile viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Wengine walitaka aende. Wengine walisema aliyebuni mbinu ile si mtu wa kuachwa.

Muriuki akamgeukia. "Kocha, hiyo mambo ya kutuma mabeki watatu mbele, unaweza irudia?"

Nilimfinya paja. Nilitaka aseme ndiyo. Neno moja tu, na timu ingekuwa yake.

Jackton akasimama. "Sikuwatuma. Nilikuwa naita mfumo. Watatu nyuma, watano kati, wawili mbele. Wao wakaskia majina yao."

Maji yakimwagika hayazoleki. Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika, na mimi nilikuwa na hasira naye mpaka masikio yakaniwaka. Mtu anapewa mlango wazi, anaufunga mwenyewe!

"Kwa hivyo hiyo goli ni bahati," Muriuki akasema.

"Ni bahati."

Ndipo Mulwa alipoomba kuongea. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, huyu kocha ametupanga mpaka tukachoka. Anaongea namba ka mtu anasoma mita ya stima, na sisi tunanyamaza tu, hatujui anataka nini. Lakini jana niliskia ameniita. Nimecheza hii timu miaka yote, na hakuna kocha ameniita niende mbele. Kazi yangu ni kukaa tu hapo nyuma. Sikuuliza swali. Nilienda." Akaigeuza kofia. "Kama alikosea, sawa. Mimi bado nataka aniite."

Jackton alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimjua, alikuwa anajizuia asilie mbele ya wachezaji wake. Hasira yangu ikaniacha, sijui ilipoenda.

Muriuki akakohoa. "Wenye wanataka abaki, mikono juu."

Mulwa akainua wake, kisha Luseno, kisha wengine, mmoja hapa mwingine pale, bila haraka. Mimi si mwanachama wa timu ile. Sina kura, na kila aliyekuwa mle ndani anajua hivyo. Niliinua mkono, na Muriuki akauhesabu.