Mikono Miwili ya Fundi Cherehani

Jirani yangu, fundi cherehani, kila asubuhi hukumbatia kikombe cha chai bila kunywa, akisubiri vidole vilegee ndipo ashike mkasi. Sote tulisema viungo vimechakaa, kama goti la mama yake linalouma jioni baada ya kazi. Jana daktari mmoja, mteja wake, akipimwa kiuno, alimdaka mikono. Vifundo vilikuwa vya moto, vimevimba kulia na kushoto sawasawa, kama mikono ya gauni moja.

"Dada, huku si kuchakaa. Naogopa ni baridi yabisi, kinga ya mwili wako inavila viungo. Kapime damu kabla vidole havijapinda."

"Jamani! Nami namchua kwa dawa ya goti langu!" mama yake, aliyeketi kando, akamaka.

Fundi akajaribu kukunja ngumi. Haikufunga.