Baqara Iliyobaki

Binti yangu alikuwa amebakiza Baqara tu. Chuoni kwetu Temeke watoto walianzia nyuma ya msahafu, kwenye sura fupi, wakarudi mbele kila mmoja kwa mwendo wake. Nilihesabu mara mbili: sura mia moja kumi na tatu ameshasoma, imebaki moja, ile ndefu. Akiimaliza, anahitimu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na gauni la siku hiyo alishalichagua kwenye belo langu la mitumba.

Ndipo kamati ya chuo ikaamka. Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa kinaletwa kipya. Chuo nacho kikaletewa madawati, ubao, sare na ustadhi kijana aliyesoma nje. Akatangaza mtaala mpya: wote wanaanza darasa la kwanza.

Nikaenda. Mie bei ya suruali nabishana hadi mteja anasahau alitaka shati.

"Ustadhi, mpe darasa la nne."

"Mama, hajui hukumu za tajwidi, zile kanuni za usomaji."

"Umemsikia akisoma?"

"Anasoma vizuri. Ila hajui kwa nini."

"La tatu basi, nakupunguzia."

Akacheka. "Mama, hapa si sokoni."

"Sokoni mtu hauziwi tena nguo aliyoivaa."

Mwalimu mkongwe, aliyemfundisha binti yangu tangu alifu, alikuwa pale pale; kamati imeshamfanya msaidizi. Akatazama miguu yake. Nilimkasirikia kuliko ustadhi.

Madawati sikuyachukia, niseme kweli. Wangemfundisha hizo hukumu huku anamalizia Baqara, ningemshonea sare mbili.

Wiki ya pili nikachungulia dirishani. Watoto arobaini na mmoja. Nikarudia, arobaini na mmoja. Mbele yao, chaki mkononi, binti yangu anawasomesha alifu. Nikamngoja ustadhi atoke kwenye kikao cha kamati, nikamkabili pale pale mlangoni pa darasa.

"Huyu mwanafunzi au mwalimu?"

"Anatusaidia tu, mama. Watoto wengi."

"Na kwenye daftari la mahudhurio?"

"Darasa la kwanza."

"Yaani anafundisha darasa analosoma! Na Baqara?"

"Zamu yake itafika. Mwaka wa sita."

"Mwaka wa sita atakuwa na mume, ustadhi, si daftari!"

Binti yangu akaiweka chaki mezani, akavaa ndala zake. Hakumtazama ustadhi. Alimwendea mkongwe, aliyekaa nyuma ya darasa.

"Mwalimu, nije kumalizia kwako nyumbani?"

Mzee akamwangalia ustadhi kwanza. "Mwanangu, kamati wametukataza kusomesha nje ya chuo. Nimetia saini."

Basi akaisoma Baqara uani kwetu, kila alasiri, mie nikimsikiliza. Mie mwenyewe nilitolewa chuoni nikaolewe, hata sura ya Yasini sikufika. Nilijua kusikiliza, kusahihisha sikujua. Akasita mahali, akanitazama. Nikamwambia endelea. Akaendelea hadi mwisho. Kama alikosea hata herufi moja, dhambi yake nimeshaigawa: nusu ya kamati, nusu ya mkongwe. Mie sichukui hata kipande.