Uso wa Bibi

Mpiga video wetu wa Masuguru haiachii kamera ijiamulie mwanga. Kabla ya kurekodi huitoa kwenye otomatiki, kisha huzungusha kigurudumu taratibu kwa kidole gumba, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayeonja mchuzi. "Ukiiachia," husema kwa sauti yake ya chini, "akipita mwenye shela jeupe, inatia giza nyuso za wengine wote."

Kwenye harusi ya Loyce kule Sindeni, bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa mgonjwa, aliketishwa dirishani apate hewa. Jua la nyuma yake likamfanya aonekane kivuli kitupu.

"Fundi, rekodi, maharusi wanasubiri!" mshereheshaji alihimiza.

Mpiga video akapiga goti mbele ya bibi. "Shikamoo, bibi." Akafungua lenzi mpaka dirisha na mapambo yake yakamezwa na weupe, na uso wa bibi ukajitokeza, makunyanzi na yote.

"Mapambo yamepotea!" baba wa Loyce alilalamika, akichungulia kioo cha kamera.

"Bibi ameonekana, mzee."

Alipomaliza kurekodi, akamwonyesha bibi uso wake kwenye kioo hicho. Bibi akakigusa kwa kidole.

"Mama yangu huyu," akanong'ona.

Mpiga video hakumsahihisha. Alibaki amepiga goti, ameishika kamera kwa mikono miwili, mpaka bibi alipotosheka kumtazama mama yake.