Mlango wa Nyuma wa Ukumbi

Kwach. Mnyororo ukikaza kwenye vishikio vya mlango, kisha kimya. Dada Mita amekaa na mlio huo miaka arobaini bila kumsimulia mtu.

Kazi yake ni kupima vyumba na kusema vinaruhusiwa watu wangapi, ili moto ukizuka wote watoke. Hupima sakafu, huondoa nafasi ya jukwaa na meza, hugawa. Halafu huenda milangoni, maana, kama anavyowaambia wenye kumbi, hakuna aliyewahi kutokea sakafuni. Wenye kumbi humchukia kwa adabu na kubishania kila hatua.

Ndiyo maana asubuhi ile aliingiwa na shaka. Ukumbi ulikuwa wa mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe, na mdogo wake hakubishana hata kidogo. Jukwaa alishalitoa. Alimshikia ncha ya utepe. Mita ishirini kwa kumi, mtu mmoja kila mita ya mraba.

"Mia mbili kamili, dada," alisema, kalamu ya dada yake haijagusa karatasi. Na Jumamosi alikuwa na sherehe ya watu haohao mia mbili.

Akauliza kama chai iletwe. Akauliza tena. Kila Dada Mita alipoelekea pazia la nyuma, alimkuta keshafika, akiulizia hali ya watoto. Juu ya pazia neno KUTOKEA lilinuka rangi mbichi.

"Mbona unanichunga kama mbuzi wa jirani?"

"Nakuheshimu tu. Yaani unamkagua hata nduguyo?"

"Ndugu ndiye wa kwanza. Sogea."

Alivuta pazia. Mlango ulikuwepo, mpana, wa chuma. Akausukuma kwa kiganja. Ukafunguka upana wa vidole vinne, kisha: kwach.

Mdogo wake akamwaga maelezo. Vijana huingia bila kadi, viti vinaibwa, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi hakai mbali. Alijua kwamba kwa mlango mmoja hesabu inashuka hadi hamsini, na wageni wameshaalikwa. Akaapa kuutoa mnyororo saa hiyohiyo. Dada Mita alimjua: angeutoa leo na kuurudisha Jumamosi.

Akaona tena kiwanda cha kushona, mama yao ndani, yeye nje, mtoto wa miaka tisa anayengoja zamu iishe. Mlinzi wa kule naye hakuwa mbali. Habari ya moto uliomchukua mama, mdogo wake aliambiwa alipokua. Ya mnyororo, hapana.

Akaandika hamsini, akaibandika karatasi kwenye mlango wa mbele.

Mdogo wake, sasa kakasirika, akamuuliza kipande cha chuma kimemkosea nini hata amwaibishe damu yake. Dada Mita alikunja utepe polepole, mpaka mwisho.

"Siku ile ulikuwa mgongoni kwangu," alisema, kwa sauti ya chini sana. "Ulikuwa umelala."