Sanduku la Miezi Kumi na Miwili

Issa fundi mizinga hakuzaliwa bahili. Tuliseme hilo mapema, maana pale mtaani kwake Mtendeni wapo wanaoapa kwamba alitoka tumboni mwa mama yake ameshika rula. Ubahili alifundishwa, na aliyemfundisha ni baba yake mzazi, mtu mkarimu kuliko wote waliowahi kupika pilau katika mji wa Tabora.

Mzee Yahaya alikuwa na duka la nguo na nyumba ya ukoo yenye mlango wa nakshi, kazi ya mafundi wa enzi za misafara. Msiba ukitokea mtaani, mchele ulitoka kwake. Harusi ikipungukiwa, mbuzi alitoka kwake. Daftari la duka hakuwa nalo, akidai kwamba kuhesabu kunafukuza baraka. Issa alipokuwa na miaka tisa duka lilifungwa, na siku moja alirudi kutoka madrasa akakuta watu wawili wanaung'oa ule mlango. Ulikuwa umeuzwa. Msimu mzima wa mvua walilala na turubai likining'inia pale ulipokuwa, na wale waliokula pilau walipita wakigeuza shingo. Aibu ile ilimkaa mtoto rohoni, akaapa kwamba nyumba yake yeye haitaumbuka.

Alipokua alijifunza useremala, akajikita kwenye mizinga ya nyuki, wateja wake wafugaji wa Ipole na vijiji vya jirani. Kazi ilimfaa. Zile mbao nyembamba za juu ya mzinga, ambazo nyuki huning'inizia masega yao, zina upana wake maalumu. Zidisha kidogo tu, nyuki watajenga ovyo, na siku ya kuvuna utajuta. Issa aliiona dunia nzima kwa jicho hilo: kila kitu kina kipimo chake, na anayeumia ni yule aliyekadiria.

Wateja wake walimlipa mara moja kwa mwaka, wakishauza asali ya msimu mkubwa. Kwa hiyo aliunda sanduku la mninga lenye vyumba kumi na viwili, kila chumba na kifuniko chake. Mwezi wa saba fedha ikiingia anaketi mkekani anaigawa, Julai mpaka Juni, na ndani ya kila chumba anaweka mafungu: chakula, mkaa, ada, tiba, sadaka. Sheria ilikuwa moja. Chumba hakifunguliwi kabla mwezi wake haujafika.

Basi Mungu naye ana utani wake. Mtu huyu akamwoa Najiat, binti wa mama muuza vitumbua, aliyelelewa katika nyumba ambayo fedha ilikaa chini ya mkeka na kuchukuliwa kwa bismillahi bila kutazamwa. Ikiwepo ipo, isipokuwepo itakuja.

"Baba Amne, wewe ni mkono wa birika," Najiat alimtania.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," alijibu mumewe.

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!"

Walikuwa wakirushiana methali namna hiyo kutoka jikoni mpaka karakana, na majirani walicheka nao. Ilikuwa nyumba ya kelele, na kelele zile ndizo zilizokuwa raha yake.

Februari ya mwaka wa saba wa ndoa, jirani yao Bi Mwanamkuu alifiwa na mume. Najiat alibeba chungu chake kikubwa, akapikia waombolezaji siku tatu mfululizo, kwa fedha ya mwezi. Tarehe kumi na mbili chumba cha Februari kilikuwa kitupu, wamebaki na siku kumi na sita mkononi. Issa hakugomba. Alikataa tu kufungua cha Machi. Siku zote hizo walikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa chai isiyo na sukari. Amne, binti yao wa pekee, mtoto wa miaka sita, alisimama kwenye ukuta wa jirani akinusa wali. Hapo ndipo Najiat alipolia. Kisha akajifuta uso.

"Nimekuelewa, baba Amne. Sitarudia."

Na kweli hakurudia. Tangu siku ile alihesabu mpaka chumvi. Alikwenda sokoni na karatasi na kurudi na chenji kamili, na mgeni alipobisha hodi alitazama kwanza sufuria ndipo akamkaribisha. Issa alifurahi, akajisifu barazani kwamba mke hufundishika. Sikia ujinga wa mwanaume! Hakugundua kwamba tangu mwezi ule hakuna aliyemwita tena mkono wa birika, na nyumba ilikuwa imekuwa kimya.

Miaka ilikwenda. Amne aliolewa Usoke na mkulima wa tumbaku. Mwaka mmoja Issa alikata kadi ya bima ya afya ya kaya. Mwaka ukaisha hakuna aliyeugua, akaona ametupa fedha, asiikate tena. Mahesabu yake yalikuwa safi kabisa.

Januari ya mwaka jana msumeno wa umeme ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Palepale Issa aliamuru vyumba vifunguliwe na fungu la tiba la miezi yote iliyobaki litolewe, mpaka la Juni. "Mkono ndio mtaji wa nyumba," alisema, na Najiat, ambaye ndiye aliyefungua vifuniko, aliitikia kwamba ni kweli. Alimfunga bandeji kila asubuhi mpaka kidonda kikapona.

Mwezi wa saba fedha iliingia, Issa akaketi mkekani kugawa kama kawaida yake. Najiat aliketi pembeni.

"Mwaka huu fungu la tiba liongeze kidogo," alisema.

"Kwani nani mgonjwa?" Issa aliuliza bila kuinua macho.

Najiat aliuchukua mkono wake, akaupitisha chini ya kanga na kuuweka kwenye titi la kulia. Issa aligusa kitu kigumu, ukubwa wa tunda bichi la furu.

"Tangu lini hiki?"

"Tangu Februari."

"Februari! Mbona hukuniambia, mama Amne?"

"Fungu la tiba lilikuwa limekwisha. Nikasubiri mwezi wake."

Alilisema bila kejeli wala uchungu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Issa alijisikia kufa. Alilipindua sanduku zima, miezi yote kumi na miwili ikamwagika mkekani, na kesho yake asubuhi walikuwa kwenye basi la Mwanza.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu. Aliuliza uvimbe ulionekana lini, akaambiwa, akahesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba ungeletwa ukiwa mdogo wangekuwa na maneno mengine ya kuwaambia. Walikwenda Mwanza mara tatu. Issa aliuza mbao, akauza msumeno, akakopa kwa kila aliyekubali kumkopesha, yeye ambaye hakuwahi kudaiwa hata kiberiti. Novemba, Alhamisi moja asubuhi, Najiat aliomba chai, akanywa mafunda mawili, akafariki mkono wake ukiwa mikononi mwa Amne.

Baada ya arobaini Bi Mwanamkuu alifika. Issa alimwamkia, bibi akaitikia marahaba, akaketi. Halafu akaanza.

"Issa mwanangu, kuna jambo linanikereketa. Najiat alinionyesha lile titi mwezi wa tatu. Nilikuwa na laki mbili zangu za kikoba. Nikamletea hapa hapa, nikamwambia shika, kesho nenda hospitali. Akakataa."

Issa alisogea karibu. Tangu mazishi alikuwa akingoja neno hili, neno ambalo Najiat alilisema kwa mtu mwingine akaliacha kwa huyo mtu, lawama yoyote, hata laana.

"Alisemaje, bibi? Nieleze kama alivyosema. Usinifiche."

"Alisema, 'Bi Mwanamkuu, mume wangu ametujengea nyumba isiyodaiwa. Nikishika fedha yako nitamwangusha. Mwezi wa saba si mbali.' Nikamwambia basi mwambie mwenyewe. Akasema, 'Amepoteza vidole juzi tu, nisimwongezee mzigo.'" Bi Mwanamkuu alivuta pumzi. "Alikusifu, Issa. Alikusifu mpaka mimi niliyefiwa na mume nikamwonea wivu."

"Hakunilaumu? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Issa aliinama.

"Basi nitukane wewe, bibi yangu. Nakuomba. Yeye hakuwahi."

Bi Mwanamkuu alimtazama yule mtu mzima mwenye mvi, akakosa tusi la kumpa. Akamwambia pole, akainuka kuwahi adhuhuri. Nyuma yake Issa aliangua kilio, mchana kweupe, akimwita Najiat, jina lake la usichana, si mama Amne, na waliokuwa wakipita barabarani walisimama wakisikiliza.